Thika Inataka Kuitwa Jiji, Lakini Fourteen Falls Inanuka: Utalii Wetu Unasimamiwa na Nani?

Cuzo wangu wa Likoni alikuja kunitembelea Ruiru, mara yake ya kwanza kupita Mtito Andei. Siku mbili alikaa kwa dirisha la keja akiangalia nje. Akaona ghorofa. Akaona ghorofa ingine inajengwa nyuma ya hiyo ghorofa. Akaona lori la maji likipelekea zote mbili maji. Siku ya tatu akanigeukia akauliza: "Sasa huku kwenu mtu akija aenda kuangalia nini?"

Huyu ni mse ametoka mahali ukiamka unaona bahari bure. Nikajua hapa heshima ya bara yote iko mezani. Nikamwambia avae viatu, twende Fourteen Falls.

Tulishika mathree ya Thika pale kwa superhighway, Thika tukabadilisha, tukaingia Garissa Road, mashamba ya nanasi kushoto kulia, tukashuka Kilimambogo. Kutoka hapo nduthi ikatumalizia. Na acha niseme ukweli bila kuongeza chumvi: hiyo mahali ni kali. Mto Athi unafika kwa mwamba mpana unagawanyika mara 14, halafu unaanguka kama mita 27 hivi chini. Mvua ikiwa imenyesha sana huwezi hata kuhesabu hizo 14, yote inakuwa pazia moja. Unasikia sauti kabla uone maji.

Shida ni kwamba unasikia harufu pia. Povu jeupe limejaa kwa mawe kama mtu ameosha nguo za estate nzima hapo juu. Chupa za plastiki zinazunguka kwa kona za mto hazitoki. Cuzo alishika pua, akaniangalia, akasema pole pole ndio asiniumize: "Bana, mbona yanuka hivi?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikitafuta hilo jibu tangu siku hiyo, na vile nimeendelea kutafuta ndio nimeona hii si risto ya takataka pekee. Ni risto ya nani hasa anashughulika na utalii wa huku kwetu.

Maji safi yanaenda, machafu yanarudi

Wengi wetu hatujui hii. Mto Nairobi unaanzia Kiambu. Chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu. Unatoka hapo ukiwa maji ya kawaida, unaingia jijini, unapita Gikomba, unapita Korogocho, unapita kando ya jaa la Dandora, unaenda Ruai mahali mitambo mikubwa ya maji taka ya Nairobi iko, halafu unajiunga na Athi. Na Athi ndio huo unakuja kuanguka Fourteen Falls. Kwa ufupi, Kiambu tunatoa mto, jiji linautumia, tunarudishiwa ukiwa na kila kitu ndani.

Sasa ongeza hii. Maji mengi yenye watu wa Nairobi wanakunywa yanatoka bwawa la Ndakaini, lililojengwa kwa mto Thika kule Gatanga na kukamilika 1994. Mto Thika! Jina la mji wetu ndio linajaza mitungi ya Westlands. Sisi tunawatumia maji ya kunywa, wao wanatutumia yale wamemaliza nayo.

Si ati sisi wa Ruiru ni malaika. Huku ghorofa zimeota haraka kuliko bomba za maji taka, kila mtu anajua, na mvua ikinyesha usiku kuna wenye huchukulia mtaro kama choo cha bure. Hayo maji pia yanateremka Athi. Kwa hivyo ukisimama pale Fourteen Falls ukipiga selfi, nyuma yako kuna Nairobi, kuna viwanda, na kuna mimi na wewe.

Kusafisha mto Nairobi si wazo jipya. Marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira, karibu 2008, alijaribu kwa nguvu hadi watu wakaanza kuona mawe ya chini. Baadaye uchafu ukarudi. Mwaka wa 2025 Rais Ruto akazindua mradi mwingine, huu wa shilingi bilioni 50. Sikiza vile mjadala wote ulienda: nyumba za kando ya mto, kazi kwa vijana, bomba la maji taka, siasa. Nilifuatilia sana na sikusikia mtu akisema kwamba huko chini, kilomita kadhaa mbele, kuna maporomoko yenye yangeingiza doo kama huo mto ungekuwa safi. Kwa hesabu ya wakubwa, mto Nairobi unaisha pale jiji linaisha.

Kila mtu ana kipande, hakuna mwenye kitu

Katiba ya 2010, ukifungua Jedwali la Nne, inasema sera ya utalii ni ya serikali kuu, lakini utalii wa mashinani ni kazi ya kaunti. Kwa karatasi inakaa rahisi. Sasa ipeleke Fourteen Falls uone.

Mto Athi hapo ndio mpaka. Ukisimama upande huu uko Kiambu, ukivuka kwa boti uko Machakos. Maji yenyewe yako chini ya Water Resources Authority. Mtu akimwaga uchafu, huyo ni wa NEMA. Matangazo ya Magical Kenya yenye unaona kwa TV za ng'ambo ni ya Kenya Tourism Board. Waongozaji watalii wanafaa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority. Halafu huo mlima unaona hapo mbele yako, Ol Donyo Sabuk, wenye sisi tunaita Kilimambogo, ni mbuga ya taifa tangu 1967, kwa hivyo hapo ni KWS na unalipa kwa eCitizen.

Hesabu hizo ofisi. Zote zinafanya kazi yao, kila moja kwa kipande chake. Na wewe ukitoka Roysambu Jumamosi asubuhi na mbogi yako, hakuna hata moja yenye kazi yake ni kuhakikisha siku yako imeenda poa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Huo mlima na hayo maporomoko ni majirani kabisa. Asubuhi unapanda mita 2,145, unaona nyati ukiwa na bahati, au ukikosa bahati, inategemea umbali. Mchana unateremka maporomoko. Jioni Thika unakula. Hiyo ni siku moja kamili bila kulala nje. Lakini sijawahi kuona tiketi moja ya hivyo vitu viwili, wala gari moja inakuzungusha. Mlima uko kwa ofisi moja, maporomoko kwa ingine, gari ni shida yako.

Na risto ziko huko zimejaa! Pale mlimani kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani akaja kumiliki mashamba ya huku. Ndiye yule wa McMillan Library pale tao, maktaba yenye mke wake alijengesha kwa ukumbusho wake ikafunguliwa 1931. Alikufa 1925, alitaka kuzikwa kileleni, lakini wanasema jamaa alikuwa mzito sana hadi gari likashindwa kupanda, ndio wakamzika hapo katikati ya njia. Mtu anasema hana mahali pa kutengenezea kontenti na hiyo iko.

Ukirudi Thika mjini, Blue Posts iko hapo tangu 1908, kati ya maporomoko mawili, Chania upande huu na Thika upande ule. Mji una maporomoko mawili ndani yake na watu wanapita juu ya daraja wakienda kazi bila kugeuza shingo. Waingereza walijua Thika kabla sisi tujue, juu Elspeth Huxley aliandika The Flame Trees of Thika 1959, na 1981 ikawa tamthilia ya televisheni kwao. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa Thika yenye inauzwa nje: utoto wa msichana wa walowezi.

Mimi ningeuza ya mugumo. Mugo wa Kibiru alitabiri kwamba siku mugumo wa Thika utaanguka, utawala wa mzungu nao utaisha. Inasemekana wazungu walisikia wakauzungushia vyuma na simiti ndio usianguke. Yaani serikali nzima inalinda mti! Na 1963 ukaanguka. Hapo ni Mugumo Gardens sasa, katikati ya mji, watu wanapumzika wakingoja mathree. Nilipita hapo mara ngapi kabla nijue? Nilikuwa naenda kununua chaja. Hakuna mwalimu aliwahi kutupeleka, na tulipelekwa Bomas mara mbili.

Vijana wa kuruka

Turudi kwa maporomoko kidogo, juu kuna watu nimewaruka na wao ndio wanaruka.

Ukiandika Fourteen Falls kwa TikTok, kitu ya kwanza utaona si mto. Ni maboy wa hapo wakisimama juu kabisa ya mwamba, wanapiga msalaba, wanajiachilia. Chini kuna shimo la maji wanalijua kama kitanda chao. Wanatokea upande mwingine, wanainua mkono, unatuma kitu kwa M-Pesa. Wengine wanakuvusha kwa boti, wengine wanakushika mkono kwa mawe ya kuteleza, wengine wanakupiga picha kwa simu yako na wanajua kona zote.

Hao ndio kampeni ya utalii ya Thika. Bila bajeti, bila ofisi, bila bima. Wametangaza hiyo mahali kuliko bango lolote. Na yale maji yalimfanya cuzo ashike pua, wao wanayaingia na kichwa, mdomo wazi, mara kadhaa kwa siku. Mmoja aliyetushika mkono alikuwa ameziba sikio moja na pamba. Sikumuuliza, lakini niliona.

Cuzo alishangaa kitu ingine. Kwao Pwani vijana wa ufuo wako kwa vikundi vilivyosajiliwa, wana vitambulisho, mgeni akiibiwa au akidhulumiwa kuna mahali pa kuuliza. Si ati kule ni paradiso, aliniambia kuna kelele kila siku na polisi. Lakini kuna jina. Huku kijana ameshika maisha yako kwa mwamba unaoteleza na kila kitu kati yenu ni kuaminiana tu. Akiumia yeye, hakuna mtu atasema mfanyakazi wa utalii ameumia. Watasema kijana amezama.

Hapa ndio mimi huona makosa yako. Mtu akitaja "kuboresha utalii" anawaza lango zuri, maegesho, hoteli. Kozi ya kuokoa maisha, jaketi za kuelea, kitambulisho na bima kwa hao maboy haiwezi kuwa ghali kuliko lango. Lakini lango linapigwa picha siku ya uzinduzi.

Kamakis: utalii wenye hatuiti utalii

Sasa njoo Ruiru. Ukiuliza mtu wa ofisi Ruiru ina vivutio gani, atakuambia kahawa. Na ni kweli, ile mbegu ya Ruiru 11 inayopandwa na wakulima kibao ilitoka kituo cha utafiti cha hapa, ikatolewa 1985. Sifa kubwa. Lakini hakuna mtu ashawahi kutoka Umoja Ijumaa usiku kuja kuangalia mche.

Wanakuja Kamakis. Unajua venye hukaa: Eastern Bypass, moshi unakuona kabla uuone, mbuzi zimetundikwa, ndai zimepangwa hadi kwa barabara, ngoma za mahali saba tofauti zinapigania sikio lako. Kuna mtu anaoshewa gari, kuna mtu anasherehekea graduation, kuna mtu anaachwa. Watu wanatoka Nairobi yote, wanatoka Kiambu Town, wengine wanatoka Murang'a. Wanaacha pesa kwa mchinjaji, kwa mwenye kachumbari, kwa mtu wa nduthi, kwa askari wa maegesho, kwa mama anauza mayai nje.

Sasa angalia hesabu ya taifa. Mwaka wa 2024 tuliambiwa Kenya ilipokea wageni kama milioni 2.4 kutoka nje, na mapato yakawa kama shilingi bilioni 452. Poa sana. Wale wa ndani kwa kawaida wanahesabiwa kwa usiku wamelala hotelini. Sasa mtu wa Zimmerman amekula mbuzi Kamakis, ametumia thao tano, amerudi kulala kwake. Kwa hesabu ya vitanda huyo hayuko. Kamakis nzima haiko! Na kitu hakihesabiwi hakipangiwi. Ndio unakuta mahali panalisha maelfu ya watu kila wikendi panachukuliwa kama tatizo la barabara na kelele, kanjo anakuja na notisi badala ya mpango wa vyoo, taa na mahali salama pa kuvuka ile bypass usiku.

Nina marafiki kadhaa wenye waliacha chuo kama mimi, na wale wako na kazi ya kueleweka, wawili wako Kamakis. Mmoja anachoma. Sijasikia mtu akimwita mdau wa utalii, na akiitwa hivyo nadhani atacheka aangushe kisu.

Jiji kwa jina

Yote hii inakuja wakati Thika inataka kupandishwa cheo. Gavana Kimani Wamatangi na kaunti yake wamesukuma Thika iwe jiji la viwanda, na ukiuliza kwa stage utapata watu wanabishana kama ni mechi. Eldoret ilipewa yake Agosti 2024, ikawa jiji la tano. Kwa nini sisi tusiwe la sita?

Hesabu inakubali, lakini kwa nywele. Sheria ya miji ilirekebishwa 2019, kiwango cha kuwa jiji kikashuka kutoka watu 500,000 hadi 250,000. Sensa ya mwaka huo huo, Thika ilipata watu 251,407. Yaani tumevuka na watu 1,407, hao hata hawajazi estate moja ya huku. Kichekesho ni kwamba Ruiru ilihesabiwa watu 490,120, ya nne Kenya nzima, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, na sisi hakuna mtu anatuuliza kama tunataka kuwa jiji. Sisi tunaulizwa rent.

Mimi sipingi jiji. Lakini nikisikia mapendekezo ni viwanda, viwanda, viwanda, nakumbuka Jinja. Jinja ya Uganda ilikuwa kama Thika kabisa: mji wa viwanda, nguo, umeme wa bwawa la Owen Falls tangu 1954. Viwanda vikalegea. Walibaki na mto. Tangu miaka ya 1990 watu wakaanza kuja kupiga mbizi za mashua za mpira kwa mawimbi ya Nile, na leo mzungu wa miaka 22 anajua Jinja kabla ajue Entebbe ni mji au ni uwanja wa ndege. Hata Maporomoko ya Bujagali yalipomezwa na bwawa jipya karibu 2012, wakasogea chini ya mto wakaendelea. Julai 2020 Jinja ikafanywa jiji, na tayari ilikuwa na kitu ya kuitwa kwayo.

Tofauti moja tu ni kubwa: maji ya Jinja unaweza kuanguka ndani ukatoka unacheka.

Na tusiseme haiwezekani huku kwetu. Karura Forest, hapo tu ukiingia Nairobi, ilikuwa mahali pa kuogopwa, pa kuibiwa na pa kutupwa maiti. Watu wa karibu wakaungana na serikali, wakazungushia ua, vijana wa mitaa jirani wakaajiriwa walinzi, pesa ya langoni ikawa inarudi msituni. Leo ukienda Jumapili unatafuta mahali pa kuegesha kama uko Kamakis. Mwaka wa 2025 vita vilizuka kuhusu nani akusanye hiyo pesa ya lango, serikali ikitaka iingie eCitizen, mambo yakafika kortini. Mtu hapigani kortini juu ya lango la mahali hapaingizi kitu.

Kwa hivyo swali langu kwa wenye wanataka hiyo chata ya jiji ni dogo. Siku Thika itakuwa jiji, itakuwa na kiti kwa meza gani ya kuambia Nairobi ifunge bomba? Kiambu na Machakos zitakaa pamoja lini zikubaliane mpaka wa mto si mpaka wa takataka? Na wale maboy watapewa jaketi kabla au baada ya bango la "Karibu Jiji la Thika"?

Siku yetu iliisha hivi. Tulirudi Ruiru jioni, nikampeleka cuzo Kamakis, tukachukua nusu ya mbuzi na ugali, akala kimya kama mtu anaswali. Akaniambia hii sasa ndiyo mahali. Usiku nikaona status yake ya WhatsApp: moshi, mbuzi, kachumbari, watu wa Likoni wanaweka mate. Video ya maporomoko alikuwa ameweka mchana, nikaona ameitoa. Nikamuuliza kwa nini na ilikuwa imetoka fiti. Akasema kila mtu alikuwa anamuuliza lile povu ni la nini.